Mkono Ulirina, Moyo Haukuiba

Polisi walimkamata mjomba wangu Nyamu akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anakula asali. Hakukimbia. Hakuficha kibuyu. Walipomuuliza kama ndiye aliyerina mzinga ulio kwenye mgunga wa kule bondeni, alijibu, "Ndiyo, ni mimi. Karibuni muonje," kisha akashangaa kuona pingu.

Mimi nilikuwa nyumbani Mbeere wakati huo kwa sababu serikali ilikuwa imefunga vyuo vikuu. Miaka hiyo ya tisini tulizoea: wanafunzi wanaandamana, polisi wanarusha gesi, chuo kinafungwa, na kila mmoja anarudishwa kwao aripoti kwa chifu kila wiki kama mhalifu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sheria. Sheria ya jinai tulikuwa tumeigusa juu juu, misingi yake ya mwanzo tu, kabla moshi haujaingia darasani. Lakini kijiji hakijui habari za mwaka wa kwanza. Kwa kijiji mimi nilikuwa wakili.

"Nenda ukamtoe ndugu yangu," mama yangu, Rwamba, aliniambia. Hakusema nijaribu. Alisema nikamtoe.

Kwetu mzinga hauna hati. Una alama. Nyumba ya akina mjomba, tangu enzi za babu yao, huchoma kwenye gogo mistari mitatu na pembe moja iliyopinda. Mzinga unaweza kutundikwa mbali sana na boma lolote, katikati ya miiba na jua, na bado ukakaa salama, kwa sababu mpita njia akitazama juu anajua ni wa nani, na anapita. Munyi, kaka mkubwa wa Nyamu, alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Mizinga ya marehemu ilibaki kwa mdogo wake. Kwa hiyo mjomba alipouona ule wa kwenye mgunga, mistari mitatu na pembe iliyopinda, aliwasha moshi, akapanda, akarina mchana kweupe huku akiimba. Hata wachunga mbuzi wa ng'ambo walimsikia.

Alilokuwa halijui mjomba, nililipata kwa Kagure.

Kagure ni mke wa mwana wa Munyi. Nilimkuta anapepeta mtama, uso umemwiva kwa hasira na huzuni. "Ule mzinga ni wa baba yangu, shemeji," aliniambia. "Mzee Munyi alimpa, ni sehemu ya mahari yangu. Mjomba wako hakuwepo. Ukame ulikuwa umempeleka na ng'ombe kule chini karibu na mto Tana."

"Na alama? Mbona baba yako hakuweka yake?"

"Nyuki walikuwa wamejaa. Baba alisema akianza kuwachokoza kwa chuma cha moto, watahama. Akauacha pale pale mpaka watulie. Kisha mzee Munyi akafa." Aliweka ungo chini. "Juzi baba akaukuta mtupu. Akaenda polisi, akasema ameibiwa na mtu asiyemjua. Siku hiyo hiyo akaenda Nkubu, mama amelazwa hospitali kule. Angejua ni mzee Nyamu, angekuja hapa tukanywa chai, yakaisha."

"Basi mfuate Nkubu. Mwambie baba yako Njeru aje kortini Jumatatu asubuhi."

"Naondoka kesho mapema. Na akichelewa?"

"Akichelewa nitasimama mimi."

Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Kwa sheria gani, shemeji? Hiyo ya kurusha mawe?"

Nilimuaga nikaondoka.

Jumapili mchana, watu walipokuwa bado wanatoka kanisani, nilifika kituoni na chupa ya uji wa wimbi. Askari wa zamu aliuonja kwanza, akasema anatafuta silaha, akauonja tena, ndipo akamtoa mjomba na kutukalisha kwenye benchi ya ukumbini. Mjomba alikuwa amevaa koti lake la siku zote, bila mshipi, viatu bila kamba. Alikunywa uji taratibu.

"Karibu, wakili," alisema. "Usihangaike. Kesho nitakubali, niwaeleze, nilipe mbuzi, nirudi nyumbani. Ndama ana kupe."

"Utakubali nini?"

"Kwamba nilirina."

"Mjomba, usikubali!"

Alinigeukia kana kwamba nimetukana mtu. "Wewe hujawahi kukaa na wazee? Mtu anaanza kwa kukubali. Anasema, mkono wangu ulifanya. Wakishamsikia, wanamuuliza, ilikuwaje? Hapo ndipo anaeleza, na wote wananyamaza wanamsikiliza. Lakini anayeanza kwa kukana jambo ambalo mkono wake umelifanya, nani atamsikiliza tena? Na laana yake inabaki kwa watoto."

Nikaona hatari yote kwa mara moja, kama mtu anavyoona nyoka baada ya kuinua jiwe. Mjomba alikuwa anaipeleka desturi ya wazee mahali ambapo haijulikani.

"Kule hawaulizi ilikuwaje," nilimwambia. "Karani atakusomea kwamba umeiba. Ukisema ni kweli, basi, umekubali wizi. Kinachobaki ni kifungo. Hata Njeru akiingia dakika hiyo aseme amekusamehe, atakuta umeshakuwa mwizi na jina limeandikwa."

Kikombe kilisimama hewani. "Mwizi? Mimi?"

"Ndiyo maana nakwambia, sema si kweli. Kana yote."

"Niseme sikurina? Asali bado iko kwenye ndevu zangu!"

"Sema tu!"

"Mikono hii ilimzika Munyi. Mikono hii hii ikarina mzinga wake. Niikane mbele ya watu? Afadhali wanifunge."

Niliruka juu. Nilimwambia ukaidi wake utamzika jela, kwamba ndama atakufa, kwamba mama yangu ataacha kula, na mengine mabaya zaidi. Alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Wakili," askari aliita kutoka kwenye meza yake, "punguza sauti. Hapa si chuoni. Hapa tukifunga, tunafunga na watu ndani."

Nikakaa. Na katika kukaa huko nikamkumbuka mwalimu wetu wa sheria ya jinai, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, siku ya kwanza kabisa. Alikuwa ameingia darasani na miavuli miwili myeusi akailaza mezani.

"Mjomba," nilisema polepole, "kosa la jinai lina sehemu mbili. Kuna tendo, na kuna nia. Mkono na moyo. Sheria inataka vyote viwili vikutane. Mkono peke yake hautoshi. Watu wawili wana miavuli inayofanana. Wanatoka kanisani, mvua inanyesha, mmoja anachukua wa mwenzake akidhani ni wake..."

"Mvua gani?" mjomba aliuliza. "Huku Mbeere nani ana mwavuli?"

Hata askari alicheka.

"Basi wewe niambie kwa mambo ya huku."

Mjomba alizungusha uji uliobaki kwenye kikombe. Akafikiri. "Mbuzi wa jirani akifuata kundi langu kutoka kisimani jioni, akalala bomani kwangu, nami sijamwona. Mimi ni mwizi?"

"Hapana."

"Na asubuhi nikiona sikio lake limekatwa alama ya jirani, nikanyamaza, nikamchinja?"

"Hapo ni mwizi."

"Na sheria yenu inalijua hilo?"

"Inalijua. Inaanzia hapo hapo."

"Kumbe si wajinga," alisema, akamaliza uji.

"Kwa hiyo usiukane mkono, mjomba. Useme mkono, halafu useme moyo. Lakini useme vyote kwa pumzi moja. Usisimame katikati ukangoja kuulizwa ilikuwaje, maana hakuna atakayeuliza."

Tukarudia maneno yale mpaka askari mwenyewe akayajua. Alipomrudisha ndani nilimsikia akimwambia, "Mzee, pumzi moja, usisahau."

Jumatatu korti ya Embu ilijaa. Nilisimama mlangoni nikitazama barabara ya kutoka Meru, ile inayopitia Nkubu, mpaka macho yakaniuma. Kagure hakuonekana, wala Njeru. Jina la mjomba likaitwa.

Alipanda kizimbani amenyooka, kofia mkononi. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani puani, amechoka kabla ya saa nne. Karani alisoma shtaka, kisha akalitia katika Kimbeere: kwamba Nyamu aliiba asali, mali ya Njeru. Ni kweli au si kweli?

"Ni kweli," mjomba alisema.

Akasimama hapo. Desturi ya maisha yake yote ilimshika ulimi. Alikunja mikono kwa heshima, akangoja wamuulize ilikuwaje. Hakimu akainamisha kichwa, kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Miguu yangu iliinuka bila ruhusa yangu. "Mheshimiwa, hajamaliza!"

Korti nzima iligeuka. Hakimu alinitazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wa sheria, Mheshimiwa."

"Wa chuo gani? Si vyote vimefungwa?"

Watu walicheka. "Keti chini," alisema, "kabla sijakufunga na wewe."

Nilikaa, masikio yanawaka moto. Lakini kalamu ilikuwa imesimama. Na mjomba, aliyenitazama nikichekwa kwa ajili yake, alikuwa amefungua tena mdomo.

"Mama hakimu, ngoja hiyo kalamu," alisema. "Ni kweli nilirina, na mzinga ulikuwa na alama ya nyumba yetu, mistari mitatu na pembe, na kaka yangu Munyi amekufa na mizinga yake ni yangu, na nilirina mchana nikiimba, na jina la Njeru kwenye mzinga ule nimelisikia kwa mara ya kwanza kwa polisi. Mkono ulirina. Moyo haukuiba. Sasa nimemaliza."

Karani alitafsiri yote, hata kuimba. Hakimu alivua miwani.

"Uliamini mzinga ni wako?"

"Sikuamini. Nilijua. Kumbe nilijua vibaya."

Aliandika kwa muda. "Mshtakiwa anakana shtaka," alisema, na karani akatafsiri.

"Sikani!" mjomba alipaza sauti, na mimi nikafunika uso. "Mama, nimesema nilirina! Usiniandikie uongo!"

Kicheko kilipanda tena, lakini hakimu hakucheka. Aliegemea mbele, sauti yake ikawa ya mtu anayezungumza na baba yake. "Mzee, sikiliza. Nimeandika kwamba mkono wako ulirina. Nimeandika pia kwamba hukukubali kuiba. Ukikubali wizi nakuhukumu leo. Usipokubali, lazima tusikilize ilikuwaje. Ni sawa hivyo?"

Mjomba alilifikiria neno hilo, ilikuwaje, kana kwamba ameletewa zawadi.

"Kumbe mnauliza," alisema. "Hiyo ni sawa. Andika hivyo hivyo."

Kiongozi wa mashtaka hakupinga dhamana. Mjomba aliachiliwa kwa ahadi yake mwenyewe, arudi siku ya kusikilizwa.

Tulimkuta Njeru nje, chini ya ukuta, amekaa juu ya mfuko wake, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Kagure alikuwa ameinama akihema, kana kwamba amekimbia kutoka Nkubu. Njeru alipomwona mjomba aliinuka, lakini hakujua aweke wapi mikono.

"Nyamu. Kwa nini hukuniambia unarina?"

"Kwa nini hukuweka alama?"

Walitazamana. Ni Njeru aliyekuwa wa kwanza kuinamisha macho. "Niliogopa nyuki wahame."

"Munyi alikupa mzinga mzuri," mjomba alisema. "Mke wako anaendeleaje?"

"Anakula sasa."

"Asali ingemsaidia. Lakini iko kwa polisi. Wameiita kielelezo."

Siku ya kusikilizwa ilipofika, kiongozi wa mashtaka alimwomba Njeru amwonyeshe mtu aliyemwibia. Njeru alimnyooshea mjomba kidole. "Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Mzinga una alama ya nyumba yake, yangu sijaiweka. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye, ningerina. Naomba niondoe mashtaka." Hakimu alimuuliza kama amelazimishwa. Akasema hapana. Hakimu akakubali, akamwachilia mjomba, akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe. Kibuyu kikaletwa, chepesi kuliko kilivyochukuliwa. Hakuna aliyeuliza. Njeru alikiweka kwapani akasema kinaenda Nkubu.

Wiki iliyofuata, kwenye ubaridi wa asubuhi, tulikwenda wote bondeni. Mjomba alipuliza moshi mpaka nyuki wakalegea, akaushusha mzinga kwa kamba taratibu kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Njeru alipasha chuma motoni, akaichoma alama yake kwenye gogo, duara lenye mkia, chini ya mistari mitatu na pembe ya Munyi. Ile ya zamani hakuigusa.

Mjomba alipitisha vidole juu ya alama zote mbili, ya baridi na ya moto. Kisha akanigeukia, nami bado nimeshika ncha ya kamba.

"Wakili," alisema, "sasa moyo umejua. Nikirina tena hapa, nifungeni."