Springi ya Upande wa Kulia

Ravdná alimwambia shemeji yake mara mbili: springi hufungwa mwisho, bolti zote nne zikishaingia. Heaika hakusikia. Alikuwa mtu wa kutumia nguvu palipotaka akili, na tangu kaka yake, mume wa Ravdná, afariki, alijiona ndiye mwenye neno katika kila banda la ukoo.

"Nimefunga pikipiki hizi wewe ukiwa bado unanyonya," alisema.

"Tumepishana miezi minne, shemeji."

"Basi ulinyonya sana."

Ravdná akacheka, ingawa hakutaka. Pikipiki ya theluji ilikuwa imelazwa ubavu juu ya ngozi za kulungu wa kufugwa, mkanda wake mpana wa mpira ukiwa umelegea. Ndani ya mkanda walikuwa wakirudisha fremu ya nyuma na shokapu mpya. Bolti tatu zilikuwa zimeingia. Ya nne iligoma, kwa sababu Heaika alikwisha kuikaza springi ya kulia, nene kama kidole gumba, nayo ikaisukuma fremu nje ya tundu. Sasa alikuwa ameibana kwa mtaimbo, anahema.

Pikipiki yake mwenyewe ilizama mtoni wiki iliyopita. Alikuja kwa skii, mbao za kutelezea juu ya theluji, akitaka kuazima hii wakishamaliza. Pande zote mbili za mto hapakuwa na nyingine.

Koti lake, lililoning'inia karibu na jiko, likaanza kunuka kuungua. Ravdná akalinyakua. Kitu kikadondoka kutoka mfukoni.

Sikio la kulungu. Manyoya meupe, ncha imekatwa, mapengo mawili upande wa mbele. Alama ile ya mwenye mali Ravdná aliikata mwenyewe kwa kisu chake, mumewe akimshikia ndama. Ndama akakua, akawa dume la kuongoza kundi, na tangu Jumapili hakuonekana. Mwizi wa kulungu hukata masikio kwanza akayatupe mbali. Huyu alisahau.

"Heaika. Hiki nini?"

Akageuka, akaona. Aliukwamisha mtaimbo chini ya fremu, akainuka taratibu.

"Lilikuwa dume la kaka yangu."

"Lilikuwa langu. Kama yale kumi niliyokupa mwaka juzi ulipokuja hapa kulia njaa."

Ngumi ilimpata kabla hajamaliza kusema. Akaona nyota, mgongo ukagonga pikipiki, na mikono miwili ikamfunga koo. "Sema tena njaa!" Heaika alikuwa akinguruma, mate yakimrukia usoni. "Sema!" Hakuweza kusema. Masikio yalimvuma, dari ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Alipapasa nyuma yake, vidole vikagusa chuma. Alijua mtaimbo ule umeshika nini. Akauvuta.

Springi ilifyatuka. Ilimpiga Heaika tayani ikapanda hadi jichoni, kwa mlio wa tawi kavu linalovunjwa gotini. Alianguka juu ya ngozi, na meno yake mawili yakaanguka kabla yake.

Ravdná alisimama juu yake, mtaimbo mkononi, akauinua. Alitaka kummaliza, hata baadaye hakujidanganya kuhusu hilo. Lakini Heaika alikuwa akikoroma, damu yake mwenyewe ikimsonga, na mkoromo ule ulikuwa sawasawa na alioutoa yeye punde tu. Akamsukuma kwa buti, akamlaza ubavu. Damu ikatoka, pumzi ikaingia.

Simu hazikushika tangu dhoruba ya Jumanne. Zahanati ilikuwa kilomita arobaini.

"Amka," alisema, sauti ikimkwaruza. "Shika fremu. Usiposhika, utafia hapa na mimi nitakunywa kahawa."

Akashika, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa usoni. Springi ikiwa imelegea, bolti ya nne iliingia mara ya kwanza. Ravdná akaivuta springi peke yake kwa ukanda wa ngozi, mguu ukikanyaga fremu, mpaka ikakaa. Kisha akamfunga shemeji yake kwenye sleji nyuma ya pikipiki kwa mafundo ya kulungu wa kuchinjwa, na hakuendesha polepole kwa ajili yake.

"Kimempiga nini?" muuguzi wa zahanati aliuliza.

"Springi. Niliifyatua mimi." Akafungua skafu. Muuguzi aliangalia alama za vidole shingoni, akamsogezea kiti.

Jicho halikupona. Polisi walipomuuliza, Heaika, taya limefungwa waya, alikubali kwa kichwa: wizi na kumkaba.

Mwezi Aprili mkewe, Sire, alivuka mto akikokota dume kijana la kulungu kwa kamba. Alisimama uani bila salamu.

"Ungemuua, dada?"

"Ndiyo."

Sire aliifunga kamba kwenye nguzo, akakung'uta theluji kwenye buti. "Mimi nimelifikiria hilo miaka kumi na tisa," alisema. "Kahawa ipo?"

"Ipo."

Wakaingia ndani.