Tofali la Mwenye Nyumba

Asubuhi ile Timazi alikoroga saruji polepole kuliko siku zote, akitumaini labda maji yangekwisha pipani kabla kazi haijaanza. Maji hayakwisha. Mchanga ulikuwa safi, matofali yamepangwa kando ya kochi la mama yake, na mlango aliotakiwa kuuziba ulikuwa wazi mbele yake, kama ulivyokuwa wazi tangu azaliwe.

Mlango wenyewe ulikuwa katikati ya nyumba. Upande huu ilikuwa sebule ya mama yake, na upande wa pili sebule ya Mama Mkubwa, dada yake mama. Nyumba ilikuwa moja, paa moja, na aliyeijenga ni babu yake Timazi mzaa mama, mwashi hodari ambaye ndiye aliyempa mjukuu wake jina la ile kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama sawa. Ilikuwa na kasoro moja tu nyumba ile. Mpaka wa nchi mbili ulipita juu ya kizingiti cha mlango wa kati.

Babu hakuwa na habari hiyo alipochimba msingi. Mstari ulichorwa na watawala wawili, wageni wote wawili, waliogawana ardhi hii wakiwa huko kwao, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mwashi. Alipokuja kuambiwa, kuta zilikuwa zimeshafika madirishani. Akaomba aonyeshwe huo mstari. Wakamwonyesha kichaka, kisha kichaka kingine. Akasema sawa, akaendelea kujenga.

Wakati wa watawala hao, mtoza kodi wa huku akija, babu alihamia kule na kikombe chake cha chai. Akija wa kule, alirudi huku na kikombe kilekile. Siku walipomvizia wote wawili kwa pamoja, aliketi juu ya kizingiti, akawaambia wamgawane wenyewe, ila atakayechukua kichwa achukue na maneno yake. Kisa hiki kilisimuliwa nyumbani mara nyingi hata Timazi aliamini alikuwepo.

Watawala walipofungasha virago, babu alilia kwa furaha. Aling'oa ubao wa mlango wa kati, akautengeneza benchi. "Wenye mstari wameondoka," alisema, "na mstari wao wameondoka nao." Tangu siku hiyo palibaki uwazi mtupu, na Timazi alikulia kwenye uwazi ule. Akikaripiwa na mama yake alikimbilia kule kubembelezwa. Akinyimwa sukari kule, alirudi huku kulalamika. Saa ya taarifa ya habari redio mbili zilisema pamoja, ya nchi hii na ya nchi ile, na mtoto aliyekaa kizingitini alisikia kila moja ikiapa kwamba mwongo ni mwenzake. Hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule wa kubembelezwa na redio mbili zinazogombana.

Kisha ugomvi ukatoka redioni. Serikali mbili zikagombea kilima kilichokuwa nyuma ya mji, kila moja ikisema ni chake tangu enzi. Askari wakaja, mawe ya mpaka yakapakwa rangi, kituo cha kuvukia kikahamishiwa mbali, mwendo wa karibu siku nzima kwa gari. Mwishowe wakubwa wakakutana, wakapeana mikono, wakakubaliana kwamba mstari ubaki palepale watawala walipouacha. Na ili yasizuke mengine, kila nyumba iliyoukalia izibwe.

"Wageni walichora tu," alisema Mama habari ilipomfikia. "Kujenga ukuta tumejiachia wenyewe."

Lakini hakutaka askari waje kumbomolea. Kama mlango ni wa kuzibwa, alisema, uzibwe kwa mkono wa nyumbani. Ndiyo maana Timazi alikuwa pale na mwiko wake, shingo upande, huku afisa kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mipaka amesimama pembeni, viatu vyeupe kwa vumbi.

Ukuta ulipanda. Mama alikaa kwenye kochi, maana magoti yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Mama Mkubwa alikaa upande wa pili juu ya lile benchi. Hawakuzungumza. Hilo peke yake lilimtia Timazi hofu, kwa sababu ndugu hawa wawili hawajawahi kunyamaza pamoja hata msibani.

Walichokuwa wakigombea maisha yao yote ni nyumba. Babu alikuwa na desturi yake kazini: fundi hamalizi nyumba ya mtu. Alibakiza tofali moja, akashuka, akanawa mikono, akaita, "Mwenye nyumba!" Mwenyewe akaja, akaliweka. Alijenga karibu nusu ya mji kwa namna hiyo, na watoto wake na mjukuu wake wakaishika desturi kuliko mambo mengi aliyowafundisha. Lakini alipomaliza nyumba yake mwenyewe aliharibu. Aliwaita mabinti zake wawili, wakiwa wadogo, wakalishika tofali huku na huku, wakalisukuma pamoja. Na mwishowe akafariki bila kusema nani mwenye nyumba.

"Mimi ndiye niliyesukuma, wewe ulishikilia tu," Mama Mkubwa alikuwa akisema.

"Ungesukuma wewe, lingeingia kombo," Mama akijibu.

Wakanuniana, wakapatana, wakanuniana tena, na katikati ya kununa chai ikapita mlangoni kama kawaida.

Timazi alijenga mpaka juu, akabakiza pengo la tofali moja. Kwa kawaida pengo hubaki juu kabisa, ila kwa wenye nyumba wazee babu aliliacha chini, wasipande ngazi. Naye akaliacha usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Akanawa mikono.

"Mwenye nyumba!" akaita.

Hakuna aliyeinuka.

"Dada," Mama akasema kuelekea kwenye tundu, "unaitwa."

"Naitwa mimi kwa lipi?" sauti ya Mama Mkubwa ikatoka upande wa pili.

"Wewe ndiye mkubwa. Nyumba yako hii."

"Ishia hapohapo. Nani alimuuguza baba hadi mwisho? Nyumba ni yako, mdogo wangu. Weka tofali lako."

"Mimi nilishikilia tu. Wewe ndiye uliyesukuma, umesema mwenyewe miaka yote!"

"Nilikuwa natia chumvi."

Timazi alijikuta anacheka na machozi yanamtoka. Ndugu wasiopikika chungu kimoja kwa ajili ya nyumba hii, leo kila mmoja anamtupia mwenzake kama kaa la moto.

"Fundi, weka tu wewe tumalize," alisema Bwana Mipaka.

"Siwezi, bwana. Si nyumba yangu."

"Basi nitaweka mimi."

Mama alimtolea macho. "Wewe mwanangu ndiye mwenye nyumba hii?"

Kijana akatazama tofali, akamtazama mama wa watu. Nje gari likapiga honi. Kulikuwa na nyumba nyingine zinamngoja. Akasema tundu la tofali moja halipitishi mtu, na kwamba atarudi kesho. Alirudi kweli, mara kadhaa, na kila mara alikuta wenyewe bado wanabishana. Baadaye akahamishwa. Aliyekuja baada yake aliuona ukuta, akaupaka rangi nyeupe kuzunguka tundu, akaenda zake.

Hivyo ndivyo miaka ilivyopita. Mama alivuta kochi hadi ukutani, na Mama Mkubwa alisogeza benchi lake. Kupitia tundu lile zilipita sindano, sabuni, dawa za magoti, picha za wajukuu, na vikombe vya chai vilivyopaswa kushikwa kwa uangalifu visigonge kingo. Timazi akitoka kazini alimkuta mama yake amekaa ubavu, sikio kwenye tundu, anasengenya majirani wa nchi mbili. Jioni redio mbili zilisikika tena, hafifu kidogo. Tofali lenyewe lilikaa chini ya kochi, na kila mtu alijua lilipo.

Kisha Mama Mkubwa akaugua. Wakati benchi lilipoanza kubaki tupu, Mama aliita tunduni mchana kutwa na watoto wa dada yake wakamjibu kwa upole. Siku ya msiba magoti yake hayakuweza safari ya kituo cha kuvukia. Timazi alikwenda peke yake, akazunguka kutwa nzima ili afike chumba ambacho angeweza kukigusa kwa mkono kutoka kwao. Alipoingia, watu wamejaa, aliona kitu cheupe kwenye tundu la ukuta. Zilikuwa nywele za mama yake. Alikuwa ameegemeza kichwa pale, anasikiliza viti vikiburutwa, watu wakilia, jina la dada yake likitajwa. Timazi alipenya katikati ya waombolezaji, akakaa kwenye benchi, akaingiza mkono tunduni. Mama akaushika asiuachie hadi watu walipoinuka kwenda kuzika.

Miezi michache baadaye wapwa wa Mama wakahamia kwenye kazi zao, wakafunga nyumba upande wao. Tunduni hapakuonekana kitu, giza tu.

"Timazi," Mama akasema Jumapili moja, "nikorogee saruji kidogo."

"Ya nini, mama?"

"Upepo wa kule unaniumiza magoti."

Hapakuwa na upepo. Timazi alikoroga kiasi cha kujaa bakuli, akalitoa tofali chini ya kochi, na Mama akalifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake. Timazi akapaka saruji kwenye kingo za tundu. Akarudi nyuma, akanawa mikono.

"Mwenye nyumba!"

"Naam," Mama akajibu.

Alilishika tofali kwa mikono miwili, akaliingiza. Likakwama katikati. Hakulisukuma. Alingoja, kichwa ameinamisha, na Timazi akaelewa anangoja nini, naye akajikuta anangoja pia, ingawa alijua upande wa pili mna benchi tupu. Kisha Mama akalisukuma mwenyewe hadi mwisho. Liliingia sawasawa.

Akapangusa saruji vidoleni kwa upindo wa nguo.

"Ona dada yangu alivyo mkaidi," alisema. "Mpaka kaniachia nyumba."