Chokaa kwenye Uwanja wa Chisense

Kila asubuhi, kabla jua halijapita paa la jirani yake Rosaria, Kambo Angèle alikuwa ameshafagia. Alianzia mlangoni akaishia barabarani, ameinama, mkono mmoja mgongoni, mpaka udongo ukawa mgumu na laini kama sahani. Hapo mbele ya nyumba ndipo alipoanika chisense, vile visamaki vya ziwa Mweru vyembamba kuliko kidole cha mutoto. Chembe ya mchanga ikibaki, mutu ataitafuna, na akiitafuna, habari ya mchanga wa Angèle itafika kijiji cha Kabuta kabla ya jioni.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mapera, choo, na kivuli cha kutwa nzima. Jua lake lote lilikuwa mbele. Tangu alipovuka ziwa kutoka Kilwa ya Kongo, miaka ishirini na mitano iliyopita, uwanja huo ndio uliolisha wanawe wanne hapa Kashikishi, upande wa Zambia.

Jumatatu moja alikuja Aubrey, mutu wa halmashauri, mwenye miwani na viatu vizito. Alisalimia kwa haraka, akavuta kamba ya kupimia, akaandika. Kisha akamwaga unga mweupe mistari miwili, kutoka barabarani mpaka karibu na ukuta, akaenda nyumba ya pili.

Angèle aliiangalia mistari ile, akafurahi. Wiki hiyo siafu walikuwa wamemsumbua, na kila mwanika samaki anajua kwamba siafu huzuiwa kwa majivu.

"Biro ya halmashauri imeanza kuwaza batu," alimwambia Rosaria juu ya ua.

Asubuhi akaifagia yote. Majivu hayalali chini ya samaki.

Jumatano Aubrey akarudi, akamwaga tena.

"Aksanti, baba," Angèle akasema. "Lakini siku ingine umwange pembeni, si mu katikati."

Aubrey alimtazama juu ya miwani, akaenda zake. Alhamisi ufagio ukapita tena. Ijumaa akaja na karatasi mkononi, akamwita mama kwa Kibemba.

"Mayo, mara mbili nimechora, mara mbili umefuta. Mimi nimekukosea nini?"

"Umechora nini?"

"Njia ya gari."

"Mi nilizani ni majivu ya siafu."

Rosaria, upande wa pili wa ua, alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Aubrey alitaka kukasirika, akashindwa. Akavua miwani, akaifuta, akaeleza polepole. Kulikuwa na sheria mpya inayotayarishwa. Kila nyumba ya barabara ya ziwa itakuwa na njia ya gari ya mita tatu, na mahali pa kusimamisha gari moja ndani ya kiwanja, pamemwagwa simenti, wala kitu kingine kisiwekwe hapo. Malori ya samaki yalikuwa yanapakia katikati ya barabara. Mwezi uliopita gari la wagonjwa lilisubiri nyuma ya lori, na mama mwenye uchungu ndani. Angèle aliikumbuka ile honi. Ililia mpaka wali wake ukaungua.

"Mi sina gari," akasema.

"Wageni wako je?"

"Wageni yangu banakuya na kinga," akasema, akionyesha baiskeli iliyokuwa inapita barabarani.

"Mupimie njia ya kinga, ba Aubrey," Rosaria akasema. "Hata robo mita inamutosha."

Angèle hakucheka. Alikuwa anaangalia mistari. Jua lake lote lilikuwa katikati ya mistari ile miwili. Lakini hakuwa mutu wa kelele. Alimletea mgeni kigoda, ugali wa bukari, na chisense za kukaanga na nyanya, akangoja amalize tonge la tatu.

"Malori yanafika saa ngapi?"

"Saa kumi na kuendelea, Mayo."

"Mi naokota samaki saa tisa. Hiyo simenti itakuwa laini?"

"Kama meza."

"Na karatasi imeisha kuandikwa?"

"Bado. Jumanne kuna mkutano. Kila mutu anaruhusiwa kusema."

Siku tatu zile Angèle alianika kidogo chini kama kawaida, na kidogo juu ya baraza la simenti la Rosaria. Jumanne alivaa kitenge cha kanisani, akaenda. Zamu yake ilipofika, alifungua vitambaa viwili mbele ya mwenyekiti.

"Onja huyu, baba. Alikaukia chini, na nilifagia sana."

Mwenyekiti akatafuna. Ukumbi mzima ulisikia mchanga ukisagika.

"Sasa huyu. Alikaukia simenti."

Akatafuna, akatafuna tena, akachukua wa pili bila kuambiwa.

"Njia yenu ni muzuri," Angèle akasema. "Miye sikatai. Lakini kutoka asubuhi haina gari. Mutuachie jua yake."

Watu wakacheka, na wanawake wa nyuma wakaanza kusimama mmoja mmoja kusema vilevile. Sheria ilipotoka ilikuwa na mustari mmoja zaidi: mahali pa gari paweza kuanikwa samaki, mradi pawe wazi ifikapo saa kumi.

Wanawe walimwaga simenti mwezi uliofuata. Aubrey alikuja kukagua akiwa na gari la halmashauri, saa nane. Alikuta chisense zimelala kutoka ukuta mpaka barabarani, zinang'aa.

"Mayo, nisimame wapi? Barabarani nimekataza mwenyewe."

"Saa kumi, ba Aubrey. Wewe mwenyewe njo uliandika."

Akageuza gari, akaenda zake sokoni. Aliporudi, uwanja ulikuwa mtupu, umefagiwa, na kigoda kiko mahali pake. Alipima, akaandika, akala, akaaga.

Angèle akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akajaza ndoo, akainama, mkono mmoja mgongoni, akaosha alama za magurudumu. Siafu walikuwa wakipita pembeni, chini ya ukuta. Huko akamwaga majivu.