Mikono Juu Kiwandani

4.
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE
Kesho wataalamu watapima utamaduni wa kazi katika kiwanda chetu cha ndoo. Furaha ni lazima. Kinga ya mashine ya kukata itarudishwa kwa siku hiyo tu.
Mkunde, Msimamizi

1.
Ndugu msomaji, simama wima. Mimi ni Nasibu, mwanafunzi wa bweni, kidato cha tatu, niko likizo kwa heshima zote. Mama yangu hulisha plastiki kwenye mashine hiyo. Kinga yake iliondolewa kwa sababu inachelewesha ndoo. Siwema, shoga yake Mama, alichelewa kutoa mkono.

Vidole

viwili.

2.
Juzi, tukila ugali, nilimpa Mama siri ya shule yetu. Mkaguzi akija darasani, wote tunanyoosha mikono. Anayejua jibu, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mwalimu huchagua wa kulia tu. Mkaguzi huondoka akitusifu.

Mama alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaweka tonge chini.

"Na hao wataalamu wanaokuja kiwandani, wamesoma bweni?"

"Wasomi wote wamepita bweni, Mama," nilitamka, mdomo umejaa mchicha.

3.
(Mama na Siwema, foleni ya chai)

— Mama Nasibu, una hakika?
— Mwanangu yuko kidato cha tatu, si mchezo. Tukinyoosha wa kushoto, wataelewa ni hapana.
— Na Mkunde?
— Huyo bweni atalijulia wapi? Ataona mikono tu.
— Wangu si una vidole vitatu?
— Huo ndio uutangulize, shoga.

5.
MTAALAMU: Nani anajisikia salama kazini? Anyooshe mkono.

Wote.

MTAALAMU: Wote! Jipigieni makofi.

Pa. Pa. Pa.

6.
MATOKEO YA TATHMINI
Usalama: bora kabisa. Kwa kuwa wafanyakazi wameridhika kwa kauli moja, hakuna marekebisho yanayopendekezwa.

(Kinga imerudi stoo.)

9.
Picha ya wafanyakazi siku ya tathmini imebandikwa getini. Mikono juu, meno nje. Kushoto, kushoto, kushoto, kushoto. Mmoja una vidole vitatu.

Nilimpigia mtaalamu simu. Nilitumia sauti ya mwalimu wa zamu.

"Mzee, tazama picha. Ni mikono ya kushoto."

"Kijana, sisi tunahesabu mikono. Hatuangalii upande."

"Lakini maana yake ni kwamba mashine ile ita..."

Akakata.

7.
(Namba hii na ya nane nimeziruka kwa makusudi. Hapa ndipo ningeweka mpango wangu, kama ningekuwa nao.)

10.
Mama anafunga kitambaa kichwani. Nangoja anigombeze. Hata kofi nalipokea leo.

"Labda hao walisoma bweni jingine," anasema, na kunishika bega. Kwa mkono wenye vidole vyote.

King'ora cha zamu kinalia. Anaingia.

11.
Ndugu msomaji, tuwe watulivu. Anayejua la kufanya, anyooshe mkono.

Mimi nimenyoosha.

Wa kushoto.