Ushahidi wa Mtu Mmoja

Jumapili baada ya misa, Viviane aliketi kwenye kigoda kando ya televisheni ya Octave, pale Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, akashika mikro na kuanza kuwafasiria watu katuni. Katuni zilikuja kwa Kifaransa cha haraka haraka, na wachimbaji walitaka kuzisikia kwa lugha wanayogombana kwayo nyumbani. Octave, mwenye ukumbi wa video, alikuwa amempa kazi hiyo tangu mumewe alipotoweka.

Katuni ya siku ile ilihusu watu wa nyota nyingine. Walikuwa wamechoka kupigana, basi wakaziyeyusha akili zao zote zikawa moja, kama vijito vinavyoingia mto mmoja.

"Sasa kila mutu anajua yenye iko mu roho ya mwenzake," Viviane alifasiri. "Hakuna tena mwenye anaweza kumutendea mwenzake mubaya, sababu ataisikia uchungu yeye mwenyewe."

Maneno ya mwisho ukumbi mzima uliyasema pamoja naye. Walikuwa watu arobaini hivi: akina mama wenye watoto mgongoni, vijana wenye tope magotini, na karibu na mlango, Magloire, PDG, yaani tajiri mwenye shimo kubwa kuliko yote mtaani, aliyekuwa ameingia kujikinga mvua. Hakuna aliyepiga kelele. Octave alizima jenereta, watu wakatafuta viatu vyao, kila mmoja akijua vya mwenzake viko wapi, wakaenda nyumbani wakiwa na akili moja.

Viviane alikuwa anatwanga majani ya mihogo, sombe ya jioni, alipokumbuka jambo ambalo hakuwahi kuliona.

Zamani Magloire alimwambia kwamba Muzaliwa, mume wake na mchimbaji wa shimo hilo kubwa, ametoroka na mwanamke wa Bukavu. Viviane aliamini. Alichoma shati la Muzaliwa la harusi, akawakataza watoto kutaja jina la baba yao. Sasa, mchi mkononi, alijiona amesimama kwenye mdomo wa shimo akiwa amevaa buti zisizo zake. Chini udongo ulikuwa umeporomoka, na kutoka ndani kabisa kilisikika chuma kikigonga jiwe. Mtu alikuwa anagonga, anapumzika, anagonga tena. Kisha akasikia kinywa chake mwenyewe, kwa sauti ya Magloire, kikisema:

"Kumufukua itasimamisha kazi juma nzima. Mujaze changarawe."

Viviane aliweka mchi chini. Katika nyumba zote za wale arobaini, watu waliweka chini walichokuwa wameshika.

Kesho yake wote walijua, na Magloire naye alijua kwamba wanajua. Aliwasalimia kama kawaida, akauliza habari za watoto. Hasira ya Viviane ilikuwa imewaingia wote: muuza mihogo alikata mihogo yake vipande vidogo visivyouzika, na katekista alishindwa kuisema Baba Yetu alipofika penye kusamehe. Walikwenda shimoni na makoleo ili wakamtoe Muzaliwa wamzike. Lakini walinzi wa Magloire, wenye bunduki, hawakuwa wameiona katuni. Waliwarudisha.

Basi wakaamua, bila mkutano, kumshitaki. Kulikuwa na juge mmoja aliyezunguka vijijini akisikiliza mashauri, na juma lile alikaa Wamaza katika chumba cha darasa. Viviane na Octave walikwenda kwa pikipiki. Wengine walibaki kwenye kazi zao, kwa kuwa hapakuwa na haja ya wote kusafiri. Magloire alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe, akawapisha penye daraja bovu.

Juge alisikiliza mpaka mwisho. Alimtoa Octave nje, akamnong'oneza Viviane jina la marehemu mama yake yeye juge, kisha akamwita Octave ndani.

"Pole, Bwana Juge," Octave alisema. "Anastasie ni jina ya heshima."

"Basi ni kweli," juge alisema, akaandika. "Muko akili moja. Kwa hiyo muko mushahidi moja, na mushahidi moja hatoshi."

"Tuko watu arobaini!" Viviane alisema.

"Muko miili arobaini, mama. Na Bwana Magloire, siku ile alikuwa mu video?"

"Alikuwa. Ndiyo sababu tunajua."

"Basi naye ni kipande ya huyo mushahidi. Na sheria hailazimishi mutu ajishitaki." Juge alivua miwani, akaifuta kwa leso. "Huyo mume, aliona katuni?"

"Mume wangu iko chini ya changarawe!"

"Hapo sawa. Huyo angekuwa mushahidi wa pili. Mumulete."

Nje, Viviane alimkuta Magloire akifuta vumbi kwenye kiti cha pikipiki.

"Uchungu yangu, unaisikia?" alimuuliza.

"Ninaisikia, mama. Tangu ile siku ya mvua. Inanikamata hapa." Aligusa kifua.

Hakuwa anadanganya. Viviane alitazama ndani yake, akaukuta uchungu wake wote, haukupungua hata chembe, umewekwa pembeni kwa uangalifu kama sufuria ya jirani.

"Na bado haufungui shimo?"

"Mushipa mupya ya zahabu inapita palepale juu yake," Magloire alisema kwa upole. "Pole sana, mama."

Akapiga kiki, akaondoka.

Viviane alipiga ukelele palepale barabarani, na kule Salamabila watu wote wa katuni ile wakaupiga kwa wakati uleule. Shimoni walinzi waliinua vichwa, kisha wakaviinamisha. Wachimbaji wapya waliotoka mbali walikuwa wameshaanza kushuka.

Jioni alifika nyumbani, akakuta watoto wana njaa. Alitia maji ya fufu, ugali wa mihogo, kwenye sufuria, akapuliza moto. Kule mtaa wa juu, Magloire alikuwa ameketi mezani. Maji ya Viviane yalikuwa bado hayajachemka alipojisikia ameshiba, na mafuta ya mbuzi kwenye ulimi. Alitema mate majivuni, akatema tena. Ladha haikutoka.