Ukanda wa Fedha kwenye Ngazi

Waringa aliponiambia fundi anakuja kubandika ukanda wa chuma kwenye ukingo wa ngazi ya sebule, eti ni urembo tu, nilijua kuna jambo. Huyu mke wa mwanangu hana muda wa urembo. Pazia la jikoni limeshikiliwa na pini tangu nifike hapa.

Nyumba yao ya mtaani Mountain View ina sebule iliyo chini kidogo. Ukitoka mezani unashuka ngazi moja, vigae vyeupe juu, vigae vyeupe chini. Nami macho yamenigomea. Ngazi hiyo siioni, naipapasa kwa mguu, na nikiwa na mtoto mikononi najifanya nambembeleza huku natafuta pa kukanyaga. Sijamwambia mtu. Mjukuu wangu amepewa jina langu, Nzembi, na kumbeba ndiyo kazi iliyonitoa Machakos. Wakijua sioni, hawataniachia mtoto tena.

Kwa hiyo fundi alipofika, nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Jina lake Sifuna, mtu mzima mpole. Alisugua ukingo kwa kitambaa chenye spiriti, akapaka gundi, akaukandamiza ule ukanda na kuubana kwa selotepu.

"Ni nani amekutuma kwa hii ngazi?" nikamuuliza.

"Ni madam, mathe. Alisema watu wanaweza anguka hapa."

"Watu gani?"

Akajishughulisha na selotepu yake. "Si watu tu."

Jikoni maji ya bomba yakanyamaza. Waringa alikuwa ameacha kuosha vyombo ili asikie. Nikakumbuka hata Mwau, mwanangu, asubuhi kabla hajaenda kazini, alikuwa ameniuliza kama niko sawa, kisha akaniuliza tena. Mwau haongei asubuhi tangu utotoni. Basi wamekaa wakanijadili, nikawaza, kisha wakamlipa mtu aje kunitegea mtihani ndani ya nyumba. Nilikasirika.

Sifuna aliondoka akisema tusikanyage pale hadi jioni, gundi ishike. Niliingia chumbani nikakunja leso zangu ndani ya begi. Afadhali niondoke mwenyewe kabla sijaondolewa.

Jioni Waringa alibandua selotepu, akapangusa. Kisha akasimama chini sebuleni, mtoto begani.

"Susu," akaniita, yaani nyanya kwa Kikamba, "hebu shuka. Uone vile imetoka poa."

Nilisimama karibu na meza. Ukanda wenyewe ulikuwa wa rangi ya fedha, nilikuwa nimesikia wakisema, na jua la dirishani lilikuwa limepiga vigae vyote. Mbele yangu palikuwa peupe tu, moja kwa moja.

"Umependeza," nikasema.

"Lakini unauona?"

Hapo ndipo walipokuwa wakinipeleka tangu asubuhi. Mtoto alisikia sauti yangu akaanza kulilia kuja kwangu. Nikisema ndiyo, napewa. Nilifungua kinywa niseme ndiyo, nikamwona akilini Nzembi mikononi mwangu na mimi natembea kwenye ule weupe, na kichwa chake bado ni laini.

"Siuoni," nikasema. "Huo ukanda siuoni, na ngazi siioni. Haya, mmejua. Sasa mninyang'anye mtoto."

Waringa alikuja akakaa pale ukingoni, akanishika mkono, nikakaa kando yake. Kisha akaniwekea mtoto mapajani.

"Niliogopa kukuuliza, Susu," akasema. "Nilijua ukikasirika utapanga nguo zako uende, na mimi nitabaki na nani?"

Nilimkumbatia mtoto nikalia bila aibu. Nilipomaliza nikajifuta kwa leso.

"Mwite fundi kesho," nikamwambia. "Abandike mweusi. Nani huweka kitu cheupe juu ya cheupe, halafu anamwuliza kipofu kama anakiona?"