Kipandio cha Sita

Jumatatu asubuhi, katika chuo kimoja cha kale mjini Oxford, Beryl Hobday alikuwa akipangusa kipandio cha sita cha ngazi yake alipoona kwamba miguu yake imegeuka jiwe. Lilikuwa jiwe la manjano, lile lile la kuta. Akaligonga kwa ufunguo, kisha akaendelea kupangusa pale mkono ulipofika.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefagia ngazi ile, kutandika vitanda vya wanafunzi na kuwaamsha walevi siku za mtihani. Sasa alikuwa amepata barua. Kampuni ya nje ya chuo imepewa kazi ya usafi, na Ijumaa saa kumi jioni watumishi wa zamani wawe wametoka getini.

Jumatano jiwe lilimfika kiunoni. Binti yake, Kerry, alimletea chai na mkate wa nyama ya nguruwe.

"Mama, twende nyumbani. Nitakubeba."

"Wewe? Kapu la viazi tu linakushinda! Sikiliza. Jengo hili linalindwa na sheria, hata msumari haupigwi bila kibali. Nikishikamana nalo kabla ya Ijumaa saa kumi, hawana la kunifanya."

"Na mimi je?"

Beryl alipuliza chai. "Heri nusu shari kuliko shari kamili, mwanangu."

Kerry aliondoka bila kuaga. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Ijumaa saa tisa na nusu Dakta Penrose, msimamizi wa mali ya chuo, alikuja na wanaume wanne wenye mitaimbo. Jiwe lilikuwa kidevuni.

"Bi. Hobday, usitutie aibu. Tuna wageni leo."

"Waambie wapite pembeni. Nimeshapangusa."

Kerry alikuwa ameketi kipandio cha tano, amewazibia njia. Alikuwa amempigia simu mkaguzi wa majengo ya kale, naye alikuwa amekwama kwenye foleni darajani. Wanaume wawili walimwinua Kerry kwa adabu, wakamweka kando. Mtaimbo wa kwanza ulibandua kipande cha kisigino. Beryl aliuma meno.

Saa kumi kasoro dakika mbili mkaguzi aliingia na kofia ya baiskeli kichwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipima, akagonga, akachungulia kisigino, akasema huyu ameungana na jengo na haruhusiwi kuguswa na mtu yeyote.

"Sawa," alisema Dakta Penrose, akawaambia wanaume warudishe mitaimbo stoo. Kengele ya saa kumi ilipolia, midomo ya Beryl ilikuwa imeshageuka jiwe.

Mkaguzi alifungua daftari. "Umri?"

"Hamsini na tisa," alisema Kerry.

"Mchongaji?"

Kerry aliyatazama magoti ya mama yake, yaliyobonyea kwa miaka ya kupiga magoti pale pale.

"Andika chuo."

Mkaguzi alifikiri kidogo, akaandika: hajulikani.

Oktoba wanafunzi wapya waliingia, wakaizoea sanamu, wakawa wanaitundikia makoti. Kampuni ilikuwa imepata mfanyakazi wa ngazi ile. Kila asubuhi Kerry alipangusa kipandio cha kwanza hadi cha tano, akakiruka cha sita, maana hakiruhusiwi kuguswa, akaendelea na cha saba.